Maktaba za Mlimani na Istilahi za Ardhi: Historia Fupi

Kando ya kilima cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, upande wa Mwenge, pana mahali ambapo makondakta wa mabasi hupaita Savei. Abiria wengi washukao hapo hawana habari kwamba jina hilo ni mabaki ya shule ya upimaji ardhi iliyohamishiwa kilimani mwaka 1958. Shule yenyewe imekwisha badili jina mara tatu tangu hapo. Neno lake la kwanza, lililotoka katika Kiingereza na kulainishwa na ndimi za wenyeji, ndilo lililobaki barabarani.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba za kilima hicho zilivyokua, hasa katika sehemu zake zinazohudumia masomo ya ufundi: uhandisi, upimaji, usanifu majengo na mipango miji. Hata hivyo hatutaishia kwenye tarehe na majengo. Maktaba hizi zimekusanya, kwa miaka hamsini na zaidi, maarifa mengi juu ya Manzese, Hanna Nassif, Mtoni na Tandika. Swali letu ni hili: mkazi wa Tandika akiingia humo na maneno yake mwenyewe mdomoni, je, ataweza kuyafikia maarifa hayo?

Neno maktaba na jamaa zake

Kabla ya kuendelea yafaa tuzitazame kwanza zana zetu. Maktaba ni neno lililotujia kutoka Kiarabu, katika mzizi uleule uliozaa kitabu na katibu. Karani, ambaye kwa kazi yake mtu angedhani ni ndugu yao, hana nasaba nao. Yeye alikuja kwa njia nyingine, ya Uajemi na Bara Hindi. Katika Kiarabu maktaba huweza kuwa mahali pa kusomea vitabu au duka la kuviuza. Kiswahili kimechagua maana moja tu, na ile ya pili kikaiachia duka la vitabu. Hilo ni jambo la kupendeza, kwa kuwa istilahi njema ni ile inayofunga mlango mmoja inapofungua mwingine.

Mkutubi naye ameundwa kwa kulichukua neno la Kiarabu lenye maana ya vitabu vingi na kulivika kiambishi cha mtu. Kimatamshi jina hilo limekaribiana mno na mhutubu, ingawa mmoja kazi yake ni kusema na wa pili aghalabu huonekana akiwanyamazisha wasemao. Pamoja na hayo neno limeshika, na taaluma yake, ukutubi, imeshika pia.

Lipo neno jingine ambalo halikuhitaji kuundwa na mtu yeyote, nalo ni azima. Mswahili hutofautisha tangu zamani kati ya kuazima na kukopa. Mwenye kukopa kibaba cha mchele hurudisha kibaba, wala si punje zile zile. Mwenye kuazima jembe hana budi kulirudisha jembe lile lile. Huduma nzima ya maktaba imesimama juu ya tofauti hiyo. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba fulani amekopa kitabu, japo usemi huo husikika sana. Anakuwa mdaiwa siku anapokipoteza, kwani hapo azimo hugeuka deni na hutakiwa kulipa fedha au kununua nakala nyingine. Lugha yetu ilikuwa na kanuni za maktaba kabla ya kuwa na maktaba yenyewe.

Kutoka Mgulani hadi kilimani

Shule ya upimaji ilianza mwaka 1956 huko Mgulani, upande wa Temeke, ikitoa cheti cha ufundi wa upimaji ardhi. Kitabu kikuu cha fundi wa namna hiyo, katika siku hizo kabla ya vikokotoo vya mkononi, kilikuwa ni majedwali ya logi na ya pembe. Hicho ni kitabu kisichosomwa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hufunguliwa mahali panapotakiwa, tarakimu zikachukuliwa, kikafungwa. Tunalitaja jambo hili kwa sababu linaonyesha tabia ya maktaba ya ufundi popote pale. Msomaji wa historia hukaa na kitabu. Mpima na mhandisi hukiendea kitabu kama fundi aendeavyo kisanduku cha zana, na akiikosa aitakayo kazi husimama.

Shule ilipohamia kilimani mwaka 1958 Chuo Kikuu kilikuwa bado hakijazaliwa. Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria, kisha mwaka 1964 kikapanda mlimani. Basi maktaba yake kubwa ilichipukia katika vitabu vya sheria. Sheria iliyotungwa mwaka 1962 iliifanya pia kuwa mahali pa kuwekea nakala za vitabu vinavyochapishwa nchini, na kutokana na wajibu huo na juhudi nyinginezo ikakua hazina ya machapisho ya Afrika ya Mashariki ambayo watafiti huijia kutoka mbali. Maktaba hiyo ya kwanza ina jina la Dkt. Wilbert Chagula, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa chuo hicho.

Mwaka huo huo wa 1964 kilima kilipokea wageni wengine tunaowajua vyema. Kamati ya Lugha iliyoanzishwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika ya Mashariki iliingizwa katika Chuo Kikuu, ikawa chombo cha uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka 1970 ikaitwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hapo ndipo Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ilipotayarishwa. Kwa hiyo wapima ardhi, wakutubi na waundaji wa istilahi wamekuwa majirani wa kilima kimoja kwa miaka mingi. Ujirani huo, kwa maoni yetu, umezaa matunda machache kuliko ilivyotazamiwa.

Mwaka 1972 shule ya upimaji ilipandishwa daraja kuwa Chuo cha Ardhi, na masomo ya usimamizi wa ardhi na uthamini pamoja na mipango ya miji na vijiji yakawekwa kando ya upimaji. Mwaka uliofuata, 1973, Chuo Kikuu kikafungua Kitivo cha Uhandisi kwa msaada mkubwa wa serikali ya Ujerumani Magharibi ya wakati huo. Msomaji aangalie jinsi mambo haya mawili yalivyofuatana. Katika muda usiozidi miaka miwili kilima kilichokuwa na maktaba ya sheria, historia na siasa kikalazimika kununua vitabu vya zege, mabomba, umeme na teodolaiti.

Gharama za vitabu vya ufundi si sawa na gharama za vitabu vingine. Kitabu cha historia kilichochapishwa mwaka 1950 bado kina kazi yake. Kitabu cha umeme cha mwaka huo kinaweza kumwongoza vibaya msomaji wake. Hali kadhalika mhandisi huhitaji vitu ambavyo si vitabu: viwango, michoro, jedwali za watengenezaji wa mitambo, ramani, na zaidi ya yote majarida. Kuhusu viwango, nchi ilipata shirika lake lenyewe la viwango mwaka 1975, nalo makao yake yako Ubungo, chini ya kilima. Kabla ya hapo ukubwa wa matofali na unene wa nondo zetu vilisomwa katika karatasi za nchi nyingine.

Miaka ya mapengo

Atakayezipitia rafu za majarida ya zamani katika maktaba za nchi yetu ataweza kuisoma historia ya uchumi wa taifa bila ya kufungua hata ukurasa mmoja. Majalada husimama kwa mfululizo mzuri hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1970, kisha yanakuja mapengo. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kupanda kwa bei ya mafuta, na uhaba wa fedha za kigeni vilifuatana kama mawimbi. Jarida la kigeni hulipiwa kwa fedha za kigeni, na palipokuwa na haja ya kuchagua kati ya dawa, vipuri na majarida, majarida yalingoja.

Katika miaka hiyo zawadi ziliziba baadhi ya mapengo. Tusiwe wakosefu wa shukrani. Vitabu vilivyotolewa na nchi rafiki vimewasomesha wahandisi wengi waliojenga barabara na madaraja yetu. Lakini kitabu cha zawadi huchaguliwa na mtoaji. Huja kwa lugha yake, kwa hali ya hewa yake na kwa udongo wake. Mwanafunzi aliyetaka kujua namna ya kujenga katika mchanga wa Mbagala alijibiwa na kitabu kilichojua sana habari za theluji juu ya mapaa.

Wakati huo huo swali la lugha lilikuwa likijadiliwa mahali pa juu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiingie katika kufundishia shule za sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Idara ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 1970, iliendelea kufundisha kwa Kiswahili, na tasnifu zake zikaandikwa kwa Kiswahili. Masomo ya ufundi yakabaki katika Kiingereza, na rafu zake kadhalika.

Maarifa yaliyozaliwa hapa hapa

Hadi hapa tumesema habari za vitabu vilivyoletwa. Lakini utajiri mkubwa zaidi wa maktaba ya ufundi umo katika maandishi ambayo hayapatikani kwingine duniani, nayo ni yale yahusuyo mahali penyewe.

Dar es Salaam imeandikiwa mipango mikuu kadhaa. Ule wa mwaka 1949 uliandikwa na kampuni ya Kiingereza ya Sir Alexander Gibb na wenzake. Wa mwaka 1968 na kampuni ya Toronto iitwayo Project Planning Associates. Wa mwaka 1979 na kampuni nyingine ya Kanada, Marshall Macklin Monaghan. Mpango wa 1949 uliugawa mji kwa wingi wa nyumba, na mgawanyo huo ulifuata kwa karibu ule ule ambao wenyeji walikwisha kuuita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mipango yote mitatu iliandikwa kwa Kiingereza na watu wasiokuwa wenyeji.

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kubomoa nyumba duni na kujenga nyingine mahali pale pale, kazi ambayo Shirika la Nyumba la Taifa liliifanya katika sehemu kama Magomeni. Mwaka 1972 siasa hiyo iliachwa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulikuja mradi wa viwanja na huduma: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja vipya, na Manzese ikatiwa barabara, maji na mitaro bila ya kubomolewa yote. Awamu ya pili, iliyoanza mwaka 1977, ilizifikia Mtoni na Tandika. Miaka ya 1990 wakazi wa Hanna Nassif, Kinondoni, walichimba mitaro yao wenyewe katika mradi ambao wataalamu wa Ardhi waliushughulikia na kuuandikia. Kila mara, katika kila mtaa, wanafunzi walitumwa kupima, kuhesabu na kuhoji. Ripoti zao, michoro yao na tasnifu zao zikajaa rafuni. Maktaba ya Ardhi ni kumbukumbu ya mitaa ya Kinondoni na Temeke kuliko ilivyo ofisi yoyote ya mtaa.

Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa Temeke katika maktaba ya chuo fulani, ambayo hakuna haja ya kuitaja. Alikuwa na ugomvi na jirani juu ya mtaro, naye alikumbuka kwamba wakati wa mradi mtaro huo ulichorwa. Kijana wa mapokezi alimpa shikamoo kwa adabu, akamwuliza jina la kitabu na la mwandishi. Mzee akajibu, "Mwanangu, jina la kitabu silijui. Mtaro ndio ninaoujua." Kijana akaandika katika mashine neno mtaro, kisha mradi, kisha Tandika. Neno la mwisho lilileta mambo machache yasiyohusika. Tulikaa karibu saa mbili, hadi mkutubi mmoja mkongwe alipopita, akasikia, akaenda moja kwa moja kwenye rafu na kuleta ripoti nene ya Kiingereza. Mtaro ulikuwamo, katika ramani ya nyuma, pamoja na nyumba ya mzee. Ripoti yenyewe ilikuwa imeandikishwa chini ya neno la Kiingereza ambalo mitaani limekuwa skwata.

Mzee aliponiuliza limeandikwa nini juu ya jalada, nilisita kumfasiria.

Skwata, holela, rasmi

Kusita kwangu kulikuwa na sababu. Neno hilo kwa asili yake lamtaja mtu aliyekalia ardhi ya mwingine bila ya ruhusa. Tukilitafsiri kwa uaminifu tutapata mvamizi. Lakini walio wengi katika Manzese au Tandika hawakuvamia mahali. Walinunua au walipewa na wenye mashamba waliowatangulia, mashahidi wakiwapo, mara nyingi na balozi wa nyumba kumi akiwa miongoni mwao. Mpaka ukaonyeshwa kwa mnazi au kwa ua wa minyaa. Mtu wa namna hiyo ukimwita mvamizi umekwisha mhukumu kabla hajafungua kinywa. Mitaani neno skwata limepoteza ukali huo, likawa na maana ya mahali pasipopimwa tu. Mtu husema nyumba yake iko skwata bila ya kuona haya. Katika orodha ya vitabu, hata hivyo, ukali umebaki.

Makazi holela ndiyo tafsiri iliyoenea katika magazeti na hotuba. Nayo ina kasoro. Holela ni jambo lifanywalo bila ya utaratibu, na kumbe tasnifu zile zile zilizowekwa chini ya jina hilo zinaeleza kwa urefu utaratibu wa kuuziana, kushuhudiana, kuachiana njia na kurithishana. Kitabu kinakanushwa na jina la rafu yake.

Makazi yasiyo rasmi ni jina la ofisini, na siku hizi ndilo linaloshika, hasa tangu serikali ilipoanza kutoa leseni za makazi na kueneza urasimishaji katika miaka ya 2000. Hapa mwanalugha anayo ya kutazama. Mzizi wa Kiarabu uliotupa rasmi ndio uliotupa rasimu, na maana yake ya awali ni kuchora. Mahali rasmi, basi, ni mahali palipochorwa, na mzee wetu wa Temeke alikuwa rasmi tangu awamu ya pili ya mradi, kwa kuwa nyumba yake imo katika ramani. Bahati mbaya mzizi huo huo umetuzalia urasimu, na wananchi, ambao masikio yao ni makali, hawaoni umbali mkubwa kati ya kurasimishwa na kuzungushwa.

Lililobaki ni makazi yasiyopimwa. Hilo halimsifu mtu wala halimlaumu. Lasema tu kwamba mpima hajafika. Sisi tunalipendelea, ila halitoshi peke yake, kwa sababu kupima na kupanga ni kazi mbili. Pako mahali palipopangwa pasipimwe, na pako palipopimwa baada ya watu kwisha kujipangia wenyewe.

Mtu asidhani kwamba huu ni mjadala wa wapenda maneno. Sheria ya mwaka 2021 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na ya mabaraza ya kutolea haki. Mashauri ya ardhi ndiyo hasa yanayoijaza mabaraza hayo. Mtaalamu akiitwa kutoa ushahidi juu ya mpaka au juu ya mtaro, atasimama na ripoti ya Kiingereza mkononi na kutafsiri papo hapo, mbele ya watu ambao nyumba zao zinategemea neno atakalolichagua.

Rafu zilizotawanyika

Katika mwaka 1996 Chuo cha Ardhi kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikawa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2007 kikasimama peke yake kuwa Chuo Kikuu Ardhi. Upande wa pili wa kilima jengo jipya la maktaba, lililojengwa kwa msaada wa China, lilifunguliwa tarehe 27 Novemba 2018. Lilikusudiwa kuchukua vitabu 800,000 na wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Majarida ambayo zamani yaliacha mapengo sasa hufika kwa njia ya kompyuta, mengine kwa bei nafuu kupitia ushirika wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti nchini, mengine kwa mipango ya kimataifa. Mmojawapo wa mipango hiyo, ulioanzishwa mwaka 2009 na shirika la kimataifa la hakimiliki kwa ajili ya maandishi ya sayansi na ufundi, una jina la kifupi la ARDI. Waliolitunga hawakuwa na habari ya ardhi yetu. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa njema.

Mashine hizi mpya zina haraka kuliko makabati ya kadi. Hata hivyo hazijibu ila neno walilofundishwa. Rekodi iliyoandikwa kwa Kiingereza kitupu haiwezi kumwitikia mtu aitaye kwa Kiswahili, iwe katika kadi au katika kioo cha kompyuta. Na msaada wa yule mkutubi mkongwe, ambaye alikuwa na fahirisi ya lugha mbili kichwani mwake, hustaafu pamoja naye.

Kuna na jambo la mpango wa rafu wenyewe. Maktaba nyingi za vyuo vikuu duniani hufuata uainishaji wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Humo upimaji wa ardhi huwekwa pamoja na uhandisi, chini ya herufi TA. Umiliki wa ardhi huwekwa HD, pamoja na uchumi. Mipango ya miji hugawanywa kati ya HT, penye elimu ya jamii, na NA, penye usanifu majengo. Mpango wa Dewey, wa tangu mwaka 1876, nao hutawanya kwa namna yake. Kwa mtu wa Toangoma ardhi ni jambo moja: aliinunua, anataka ipimwe, anabishana juu yake, anajenga. Kilichounganishwa na neno lake moja kimetawanywa katika vyumba vinne. Hatusemi rafu zipangwe upya. Hiyo ni kazi ya vizazi. Tunasema kwamba orodha ya mada kwa Kiswahili ingeweza kuvikusanya tena vitu hivyo bila ya kukisogeza kitabu hata kimoja.

Orodha kama hiyo haihitaji fedha nyingi. Kila tasnifu ina ikisiri. Ikisiri hiyo ikiandikwa pia kwa Kiswahili, ukurasa mmoja tu, na mwanafunzi akatakiwa kutaja mada tano kwa Kiswahili pamoja na jina la mtaa, katika miaka michache maktaba itakuwa na fahirisi ambayo wasomaji wenyewe wameilisha. Baraza la Kiswahili la Taifa, ambalo tangu kuundwa kwake kwa sheria mwaka 1967 lina wajibu wa kusanifisha istilahi, lingepata humo maneno yaliyokwisha kutumika, badala ya kuyatunga mezani na kuyatafutia watumiaji baadaye.

Maneno mengine yako tayari. Ramani inanasibishwa na kitabu cha njia cha manahodha wa bahari ya Hindi, nayo imehamia nchi kavu bila ya taabu. Kiwanja, mpaka, hati, uthamini na usanifu majengo havina ugomvi. Kwa lile jiwe la mpima, wananchi husema bikoni na wengine husema mawe tu: kiwanja kimewekwa mawe. Tungependekeza jiwe la mpaka kwa maandishi, na bikoni iachwe iishi, kama Savei ilivyoachwa.

Linalotushinda ni mpangaji. Katika Chuo Kikuu Ardhi ni mtu aupangaye mji. Manzese ni mtu alipaye kodi ya chumba. Kitabu juu ya haki za wapangaji kitakwenda rafu gani? Wengine wamejaribu mwanamipango, lakini hilo lamfaa pia mtu wa mipango ya uchumi. Ofisini husema afisa mipango miji, ambalo ni jina la cheo, wala si la taaluma. Mpanga miji lina ufupi na linafuata njia ya mpima ardhi, ingawa baadhi ya wenyewe wenye kazi hulikataa kwa kuwa, wanasema, linawafanya waonekane kama wapanga matofali. Tungefurahi kupokea maoni ya wasomaji.